Magurudumu Niliyoyalisha Chumvi Miaka Saba

Nina kosa, na sitaki kulizungusha. Kwa miaka saba nimeozesha pikipiki niliyokabidhiwa niitunze. Sikuiuza, sikuichoma moto. Niliiozesha taratibu, kwa maji na chumvi, huku najua kabisa ninachofanya.

Msinihukumu kwanza. Au nihukumuni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Naishi Mtoni, kwenye nyumba za nyuma ya Barabara ya Kilwa. Niliolewa na mwanaume wa Masasi, tukapata binti mmoja, Mwanaidi. Siku moja huyo bwana akaniambia ameoa mke wa pili huko Madale. Ameoa! Si kwamba anataka kuoa. Na aliyasema hayo huku anachovya mkate kwenye chai niliyompikia mie.

Akahamia huko. Nguo alibeba zote mpaka kandambili. Alichoacha ni pikipiki, ambayo alikuwa ameifungua vipande vipande eti anaifufua, na hakuwahi kuifufua.

"Mama Mwanaidi, hivi vyuma nitunzie," aliniambia. "Kule tuna chumba kimoja, na mwenzio hataki uchafu wa oili ndani. Ni amana hiyo."

Mwenzio! Yeye hataki uchafu wa oili, mie ndiyo nilale nao! Pale ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Sikusema. Nilitabasamu nikamjibu, "Lete tu, Baba Mwanaidi." Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga yangu.

Sasa mjue kwamba pikipiki ile ilitoka kwa baba yake. Mzee alikuwa mtumishi wa zahanati, miaka na miaka akizunguka nayo vijijini kuchanja watoto, na alipostaafu akampa mwanawe. Aliposikia imefunguliwa na iko kwangu, alipanda basi huko Masasi akaja. Akaingia stoo yangu ya nyuma ya jiko, akavua shati, akaipanga mwenyewe. Mie nikawa namshikia tochi.

Alinifundisha kila kitu. Magurudumu yasisimame chini, yatundikwe kwenye ndoano, la sivyo tairi inakaa upande mmoja na kuharibika. Spoku zipakwe grisi. Cheni ilale ndani ya kopo la oili. Tenki lizungushiwe oili kwa ndani, halafu lifungwe. Kila kitu kifungwe kwa kitambaa cha pamba, siyo nailoni, maana nailoni inatoa jasho na jasho ndilo kutu, na hapa Mtoni hewa yenyewe ina chumvi.

"Ukifanya hivi, hata miaka ishirini itaamka," alisema. "Siku moja ntakuja kuiunga niipande tena mwenyewe, walau mpaka msikitini. Roho yangu haitaki kingine."

Na ni mzee huyohuyo aliyesimama mbele ya ndugu zake wote, mwanawe anasikia, akasema, "Mie mkwe ninayemjua ni huyu wa Mtoni." Baada ya siku ile hakuna ndugu wa mume aliyethubutu kunisema. Nilikuwa na haki, na kila mtu alijua nina haki.

Lakini jamani, hasira ilinipofua. Nikiangalia yale mafurushi simwoni mzee. Namwona mume wangu tu.

Nilianza Idi ya kwanza. Mwanaidi hakupata hata gauni, na baba yake nikamwona kwenye picha katika simu ya jirani, yeye na bi mdogo wamevaa sare. Sare! Nikaenda stoo, nikafungua vitambaa, nikafuta grisi yote kwa sabuni ya unga. Kisha nikakoroga chumvi kwenye bakuli, nikazipaka zile spoku moja moja. Nilijisikia vizuri. Siwafichi, nilijisikia vizuri mno!

Tangu hapo ikawa ndiyo dawa yangu. Akipita mtaani bila kuingia, bakuli. Mtoto akiumwa asipige simu, bakuli. Walipofanya sherehe ya arobaini ya kichanga chao huko Madale, nilimwaga oili yote ya tenki nikatia maji ya chumvi, nikafunga kifuniko. Magurudumu nikayashusha sakafuni penye unyevu, nikayavika nailoni kwa ndani na pamba kwa nje. Akija kuchungulia anaona mafurushi masafi. "Umetunza," anasema. Namjibu, "Si amana?" Akitoka nacheka mpaka nashika ukuta.

Mzee naye alikuwa anakuja kila mwaka kutusalimia. Nitampa shikamoo, ataitikia, ataulizia hali ya Mwanaidi, halafu atauliza, "Na magurudumu hayajambo?" Kama anaulizia watoto! Namjibu, "Hayajambo, baba." Hakuomba hata siku moja kuyaona. "Si yako kwako?" husema. "Nitazame nini?"

Mngedhani hapo ningeacha. Sikuacha. Hasira hasara naijua tangu shule, lakini kuijua methali na kuifuata ni vitu viwili.

Mwaka huu alikuja asubuhi, begi mkononi, pamoja na fundi pikipiki wa hapahapa Mtoni. Uso umemchangamka kama bwana harusi. "Mama Mwanaidi, leo tunaiunga! Magoti haya yananiaga, nikichelewa sitaipanda tena." Na alikuwa ameshamwita mume wangu na ndugu zake wawili waje washuhudie. Yarabi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Walipofika wote, mafurushi yakatolewa uani. Kitambaa cha kwanza kilipofunguliwa, nailoni ikamwaga maji mekundu miguuni kwa mzee. Fundi akashika spoku, ikakatika mkononi kama njiti ya kiberiti. Akashika nyingine, nayo ikakatika. Tenki akaligeuza, likatapika tope la kutu, na alipolibonyeza ubavuni kidole kikapita.

"Hewa ya bahari hii, baba," nilisema. Uongo ulinitoka wenyewe.

Mzee akachovya kidole kwenye yale maji ya tenki, akakiweka ulimini. Akatema. Akanitazama.

"Hewa ya bahari haifungui kifuniko, mwanangu."

Basi nikasema. Nilisema yote palepale uani, kwa sauti ya juu, nimemnyooshea kidole mume wangu: Idi, sare, arobaini, yote! Nilidhani nikishayamwaga watanielewa.

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ungeniambia una hasira naye," alisema, "ningekupa nyundo mwenyewe, ukaivunje mbele yake. Ila wewe umenipikia chai miaka saba, unaniambia hayajambo." Kisha akalia. Mtu wa umri ule, analia mbele ya fundi.

Na mume wangu? Weee! Dua la kuku halimpati mwewe. Alicheka. Alicheka, jamani! Kumbe pikipiki ile hakuwa na habari nayo, hata angeambiwa imeibwa angeuliza kama kuna chai. Akawageukia ndugu zake: "Si mlikuwa mnanisema mie? Haya, mwema wenu huyo hapo!" Na wale ndugu walionyamazishwa miaka yote hiyo wakapata mdomo. Mmoja akasema alijua tangu zamani kwamba mie ni mchawi.

Miaka saba namtafutia huyu mwanaume kidonda, kumbe nampikia ushindi, nikampakulia mwenyewe. Kosa lilikuwa lake! Lake peke yake! Na mie ndiye niliyemfutia.

Mzee aliinuka, akachukua begi lake ambalo hata hakuwa amelifungua, akamwambia mwanawe, "Nipeleke Madale." Hakunikemea. Alimuaga Mwanaidi vizuri, mie akanipa mkono anaangalia pembeni. Nasikia hajarudi Masasi, yuko hukohuko Madale, na bi mdogo ndiye anayempikia uji.

Mume wangu sijamsamehe, nisiwadanganye. Hata sasa ninavyoandika meno yanasagana. Kama kuna siku atalipwa, naomba niwepo nione.

Lakini nawaambieni, dada zangu na kaka zangu: amana haiulizi kama unampenda aliyeileta. Mtu aliyekuchoma moyo akikuletea kitu chake, kiwe chuma, kiwe mbuzi, mkatalie palepale mlangoni. Mtukane ukitaka! Mwambie apeleke anakolala. Ukishapokea umejifunga, na machozi ya mwenye uchungu na kile kitu yatakuwa juu yako wewe.

Mie nilipokea huku natabasamu. Hasira yangu iko vilevile, haijapungua hata chembe, ila siku hizi nikiisema hakuna anayeniambia nina haki.