Kibiongo Siku ya Posa

Dada yangu alinikalisha mkekani tangu asubuhi, mito miwili mgongoni na leso mabegani, akaniambia nisiinuke mpaka wageni waondoke. Wageni walikuwa wanawake wawili kutoka Bodo, mama na shangazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu. Kwetu hapa Msambweni posa haijibiwi mpaka wanawake wa upande wa mume waje, wale, wamtazame mama wa msichana. Wanasema wamekuja kusalimia. Wamekuja kukagua.

Na mimi cha kukaguliwa ninacho. Miaka michache baada ya hedhi kunikatika, mgongo ulianza kuinama wenyewe. Bibi yangu alikufa amekunjamana, na mama alivunjika nyonga kwa kuteleza tu jikoni. Hospitalini daktari aliitazama picha, akaniuliza habari za mama kabla ya kuniuliza zangu. Pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea, alisema. Mifupa ya kila mwanamke hupungua akifika umri huu, lakini ziko koo ambazo mabinti huzaliwa na akiba ndogo. Shamba hatukuachiwa, tumeachiwa mgongo huu.

Alinipa vidonge, akasema binti yangu naye aanze mapema kujitunza: jua, maziwa, dagaa, kutembea, na huenda yasimpate kabisa. Nilimweleza dada nikidhani atafarijika.

"Usithubutu kuyasema mbele ya watu," akanijibu. "Ukiulizwa, ulianguka ulipokuwa mdogo."

Basi nikakaa. Wageni walikula wali na samaki wa kupaka, wakauliza nani kwetu ana sukari, nani ana pumu. Dada alijibu yote kabla sijafungua mdomo. Mgongo ulikuwa unaniwaka. Nilikuwa nimechoka na maumivu, nimechoka na uongo, na zaidi ya yote nimechoka kuwa aibu ya kufunikwa leso. Binti yangu alipita na sinia akanitupia jicho la wasiwasi. Anampenda yule kijana, hakuna asiyejua. Posa ikivunjika kwa ajili ya mgongo wangu, ningemtazama kwa uso gani?

Adhuhuri iliadhiniwa, wageni hawakuinuka. Maongezi yakaendelea na Alasiri ikawa inakaribia, mimi bado sijasali. Hapo hasira zikanipanda.

"Mwanangu," nikaita, "niletee kiti nisali. Kusujudu siwezi."

Dada alifumba macho. Nikashika ukuta nikainuka, leso ikaanguka, kibiongo chote nje.

"Sikuanguka popote," nikawaambia wageni. "Mifupa yetu ndivyo ilivyo, tangu kwa bibi. Binti yangu huenda akawa hivi, huenda asiwe. Mkitaka kuondoka, ondokeni mkijua."

Mama wa kijana alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama mkeka. Kisha yule mama akamgeukia binti yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, tuletee na sisi viti. Viwili."

Kumbe nao walikuwa wameketi wakiogopa kuinuka mbele yetu. Shangazi mgongo, mama nyonga. Walikuwa wanangoja tutoke chumbani wasali kwa siri.

"Hata mama yangu alikuwa hivi hivi," akasema shangazi, na dada yangu akaangua kicheko mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Posa ilikubaliwa papo hapo. Binti yangu alileta viti huku anakimbia, mgongo umenyooka, uso unang'aa.

Tulisali watatu kwa safu, vitini. Wao waliomba dua ndefu ya heri na baraka. Yangu ilikuwa fupi. Nilimwomba Mungu wajukuu wa kike awatafutie mifupa mahali pengine, maana kwetu haiko, na kule anakoolewa mama yao haiko.