Nguo Iliyozuia Mikokoteni

Jamani, hebu niambieni. Hapa mjini kwetu Imphal tuna filamu za wapenzi waliokufa maji, filamu za wana wa wafalme na farasi wao, hata za mtu aliyeoa jini. Filamu ya mama mkwe wangu iko wapi? Vile vita vya wanawake, ambavyo kila mwenye kizimba katika soko hili la akina mama alivisikia kwa bibi yake, nani kavitengenezea filamu ya maana? Ndiyo maana juzi alipokuja yule kijana Nabakishor, mtengeneza filamu, akachuchumaa mbele ya samaki wangu wakavu akisema, "Mama, nasikia una kisa," moyo uliniruka. Nikampa kigoda, nikampa na chai, nikamsimulia. Nanyi nawasimulia vilevile, halafu nitawaambia alichonijibu, mpuuzi yule.

Mama mkwe wangu aliitwa Pishak. Mfupi, kachomwa na jua, mikono imekakamaa kwa mchi. Tangu aolewe kazi yake ilikuwa moja: kununua mpunga vijijini, kuutwanga, kuupepeta, kisha kuuza mchele hapa sokoni, kwenye kizimba alichoachiwa na mama mkwe wake, Ngangbi. Vizimba vyetu hurithiwa hivyo, mwanamke kwa mwanamke. Mwanamume hauzi humu, hata awe na uwezo wa kulinunua jengo zima. Na mdomo Pishak alikuwa nao. Mteja mmoja alimlalamikia kwamba mchele wake una mawe, akamjibu, "Mawe nakupa bure, baba. Nimekutoza mchele tu."

Kisha zikaja mashine za kukoboa. Mashine moja ilimaliza kwa asubuhi moja kazi ya wanawake wa kijiji kizima. Wenye mashine wakawa wananunua mpunga wote mashambani, wanakoboa, wanapakia, wanapeleka juu milimani kwa njia ya Kohima. Mwaka huo wa 1939 mvua nayo ikanyesha pasipo wakati wake, mpunga ukalala matopeni. Bei ya mchele ikapanda mpaka wauzaji wenyewe wakashindwa kuununua. Pishak alikuwa na mtoto wa kunyonya, ambaye leo ni mume wangu mimi, huyo mnayemwona akipita na mwavuli akijifanya hanijui. Maziwa yakamkauka. Alikuwa akichemsha majani ya bwawani, anakunywa mchuzi wake, anamweka mtoto kifuani na kumwambia, "Nyonya, baba, nyonya hata upepo." Anamwambia huku analia.

Ilipofika Desemba wanawake wakachoka. Waliacha vizimba, wakaenda kumzingira bwana mkubwa wa Kiingereza kwenye ofisi ya telegrafu. Mfalme alikuwa mbali, kaenda kuhiji. Wakasema, mpelekee habari mfalme, mchele usitoke, na hapa huondoki mpaka ajibu. Walicholetewa ni askari wenye singe. Pishak alirudi nyumbani na damu begani, na haikuwa yake, ilikuwa ya jirani yake. Kuanzia siku hiyo soko lilibaki tupu, hakuna mwanamke aliyeuza hata kitunguu.

Mwishowe amri ilitoka kwamba mashine zizimwe. Zikazimwa. Lakini kulikuwa na mwenye mashine mmoja, mtu wa kuja, ghala lake limejaa magunia. Akasema amri ni ya kukoboa, yeye mchele wake umeshakobolewa, kwa hiyo atausafirisha. Tena akamkodi Yaima, mume wa Pishak, aongoze msafara. Yaima alikuwa na maksai wakubwa kuliko wote, na akitangulia yeye, wenye mikokoteni wengine hufuata.

Waligombana uani asubuhi hiyo, majirani wakisikiliza juu ya ua.

"Usiende," Pishak alimwambia.

"Nimeshatoa neno langu."

"Na mwanao nimlishe hilo neno?"

"Wewe pigana na Waingereza wako. Mimi natafuta chakula."

"Chakula ndicho unachokipakia kwenda milimani, Yaima! Umelewa asubuhi yote hii?"

"Mwanamke, usinipangie."

"Sikupangii. Nakwambia tu kwamba hutapita."

Yaima akacheka. "Utanizuia kwa nini? Kwa mwiko?"

Pishak aliingia ndani. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua faneki yake kuukuu, akatoka.

Faneki ni nguo yetu ya kujifunga kiunoni. Mwanamume wa kwetu haigusi, hata ya mkewe, haianui hata mvua ikinyesha, na ikiwa imeanikwa hapiti chini yake. Akipita, uanaume wake umekwisha, na mtaa mzima utajua. Hilo halina mjadala. Mume wangu mpaka leo, akikuta kamba ya nguo uani, huzunguka nyuma ya choo.

Basi Pishak alifika kwa mwenye mashine, akafunga kamba langoni, nguzo hadi nguzo, akaitundika faneki yake katikati. Ilikuwa imepauka, pindo lake limeingia matope ya mpunga yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Wanawake wenzake waliomfuata wakatundika na zao kulia na kushoto, lango likawa limejaa.

Mwenye mashine alitoka, akaona. Maskini, hakujua mila yetu, alidhani wanawake wamekosa pa kuanika.

"Nani kaleta nguo zake langoni kwangu? Mnyapara, anua!"

Mnyapara alikuwa mtu wa hapahapa. Akatazama mawingu. "Bwana, leo mkono unaniuma."

"Wewe mwingine, anua!"

"Mimi pia, bwana. Tuliumia pamoja."

Pishak akapaza sauti, "Anua mwenyewe, bwana! Ukimaliza, uzifue, jua lipo!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Yule bwana akavuta nguo moja kwa hasira, akaitupa chini, na kabla hajageuka nyingine imeshapanda. Akaacha. Alielewa kwamba yeye anaweza kupita atakavyo, lakini hawezi kukokota mikokoteni peke yake. Mikokoteni yote ilikuwa ndani, imeshapakiwa, na lango ni hilo moja.

Akamwendea Yaima, aliyekuwa mbele kabisa, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Kumbe mke ndiye mwanamume kwenu?"

Hilo lilimchoma. Yaima alikunja uso, akashika mjeledi. "Ile ya katikati ni ya mke wangu," alisema, "na mke nimemuoa mimi, hakunioa yeye." Akawachapa maksai. Magurudumu yakalia, mkokoteni ukasogea.

Pishak alikuwa amesimama chini ya kamba, mtoto mgongoni. Aliniambia miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua dagaa hapa hapa, kwamba mbele ya singe hakuogopa, alikuwa na hasira tu. Hofu ilimpata pale langoni. Alimwona Yaima anakuja kweli. Akipita yeye, wengine watapita, mchele umekwenda, na mtoto hatafika mavuno.

Ndipo bibi Ngangbi alipojipenyeza katikati ya wanawake. Mama yake Yaima huyo, mgongo umepinda, anatembea na fimbo. Alikuwa amevaa faneki mbili kwa ajili ya baridi. Akaivua ya juu, akampa Pishak, akamwambia, "Itundike, mimi sifiki."

Pishak akaitundika mbele ya ile yake.

"Haya," bibi akasema. "Ya mkeo huiogopi, nimesikia. Hii ni yangu. Nilikubeba kwa nguo hii. Kipande chake umekifunga kiunoni, hapo, kikulinde njiani. Nilikikata kwa mkono wangu. Pita, mwanangu. Pita chini yake na mchele wa mwanao nyuma yako."

Kwetu kipande cha faneki ya mama ndiyo kinga ya mwanamume. Huenda nacho vitani, huenda nacho safari. Yaima mkono ukamwenda kiunoni wenyewe.

"Mama, iondoe."

"Siiondoi."

"Mama, watu wanatazama."

"Nimewaita watazame."

Yaima akauachia mjeledi. Kisha akashuka, akawafungua maksai nira. Kutoka kwa lango hakuweza, hata mikono mitupu. Ilibidi awapitishe maksai kwenye tundu la ua upande wa nyuma, kule kunakomwagwa pumba, akatokea mtaroni pumba zimemjaa kichwani. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja kwenye tundu lile lile. Mikokoteni ilibaki imepakiwa, wa kuivuta hakuna.

Nguo zile zilikaa langoni mpaka mwenye mashine akasalimu amri, akauza mchele wote hapa hapa mjini kwa bei ya binadamu. Pishak alikula wali, maziwa yakarudi. Yaima alinuna, hakumsemesha mkewe mpaka mtoto alipoanza kunenepa, halafu siku moja akasema, "Kamenenepa haka," na mambo yakaishia hapo. Sokoni Pishak hakurudi upesi. Soko lilikaa tupu zaidi ya mwaka, na waliporudi alikaa kwenye kizimba hiki mpaka alipokufa. Akaniachia kizimba, mdomo, na ile faneki. Naiweka ndani ya kikapu, chini ya mizani.

Sasa sikieni jibu la Nabakishor. Alikunywa chai yangu yote, akafuta midomo, akasema, "Kisa kitamu, mama. Ila hiyo nguo... watazamaji hawataamini. Wanaume wazima wasimamishwe na nguo? Mimi naona Yaima ndiye awe kiongozi. Avunje lango, anyang'anye askari bunduki. Mama mkwe wako tutampa wimbo."

"Wimbo?"

"Mfupi tu."

Damu ilinichemka, nawaambia kweli. Niliinuka, nikaitoa faneki kikapuni, nikampa jirani yangu Memcha ncha moja ya kamba. Tukaifunga kwenye nguzo mbili, katikati ya njia, tukaitundika. Kamera yake alikuwa ameiacha upande wa pili, kwa wauza mboga.

"Haya, mwanangu," nikamwambia. "Kachukue kamera yako ukapige filamu ya bunduki."

Akacheka. Akapiga hatua, akafika mbele ya nguo, akasimama. Akalitazama lile pindo la matope. Soko zima likageuka kutazama.

"Mama, haya mambo ni ya zamani."

"Kama ni ya zamani, pita."

Alishika kiuno, akatazama huku, akatazama kule. Mwisho akakunja suruali, akazunguka kwa nyuma, kule tunakooshea samaki, maji machafu yakimfika vifundoni. Wauza samaki walimshangilia kama bwana harusi. Akatokea upande wa pili ananuka, akachukua kamera yake, akaielekeza kwenye ile nguo, akaipiga filamu muda mrefu.

"Mama," akaita, "tafadhali usiianue."

"Nani kakwambia nina mpango wa kuianua?"