Sambusa Zilizofungwa kwa Meno

Umeshawahi kufuturu sambusa, ukala moja, ukala ya pili, halafu ukatamani utoe utumbo wako uusugue kwa sabuni ya vyombo?

Mimi yamenikuta, hapahapa Sparkhill, huku ughaibuni.

Ramadhani iliangukia baridi, shule zimefungwa. Nje mvua ya barafu. Ndani mwanangu Muzamil, miaka sita, anapanda makochi. Na mama mkwe wangu, Bi Thuwaiba, ametoka Unguja kuja kuona kama mwanawe analishwa.

Tangu afike, chakula changu anakigusa kwa ncha ya kijiko. Nilikuwa namwomba Mungu, japo siku moja ale aseme kitamu.

Siku hiyo nikamwita mtoto jikoni tukunje sambusa, atulie. Sijawahi kuwa na wazo la kijinga kama lile.

Kamasi lilimshuka mpaka mdomoni. Akalipangusa kwa kiganja, kiganja kikarudi kwenye nyama. Nikamwosha. Akapiga chafya juu ya manda za kufungia. Nikamwosha tena.

Nikageukia mafuta kidogo tu. Kurudi, namkuta anazifunga sambusa kwa meno. Mate yanang'aa kwenye kingo, alama za meno zimejipanga, katikati pengo la jino lililong'oka.

"It's a pattern, Mummy."

Jamani, nilishika sinki nisije nikatapika na saumu yangu.

Ila ni mtoto, sikutaka kumvunja moyo. Nikazikaanga zile zake mbali, nikazitia kwenye sahani ya kwanza niliyoiona, nikaiweka karibu na mlango. Akilala, nazitupa. Nikapanda juu kuswali Alasiri.

Kushuka, sahani haipo.

Mume wangu Idarous alikuwa amerudi kutoka kazini. Akaniambia ameona sahani ya Bi Raho pale mlangoni imejazwa, akampelekea. Na kweli sahani ilikuwa ya Bi Raho, jirani yetu, Msomali wa Mombasa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo mwanaume wa watu wala hakuuliza.

Nilikufa nikafufuka. Unagongaje mlango wa mtu kumwambia nirudishie sambusa, zina mate? Mama mkwe yuko palepale ananitazama. Nikarudi jikoni kumalizia sambusa zangu.

Karibu na adhana, hodi. Bi Raho huyo, na sinia lake. Ramadhani yeye hukusanya vyakula vya kila nyumba, akavichanganya, akavigawa upya mtaa mzima.

Adhana ikalia. Mama mkwe akaziruka sambusa zangu, akachukua za Bi Raho. Akala. Akaongeza.

"Huyu ndiye anayejua sambusa. Mwatima, nenda ukajifunze kwake."

Wivu ukanipanda, nami nikachukua. Wallahi zilikuwa tamu. Nikachukua ya pili, na hapo ndipo nikaona ukingo wake. Meno madogo, na pengo katikati.

Muzamil anachekelea. "Bibi, those are mine. Look, meno yangu."

Nilikimbilia sinki. Niliyoyatema hayasimuliki. Nikajua mama mkwe anafunga mabegi.

Halafu nikamsikia. "Kumbe mpishi ni mjukuu wangu? Niongezee."

Mpaka anarudi Unguja hakula sambusa nyingine ila za mjukuu wake. Kila Alasiri mimi nasimama na kitambaa, nampenga kamasi mpishi.

Ndugu zangu, kinachokutia kinyaa kitupe saa ileile, kwa mkono wako. Ukikiacha mlangoni mwezi wa Ramadhani, kitazunguka mtaa kije kukufuturisha.