Unga Haurudi Kuwa Mahindi

Nakumbuka siku Nafula aliponiletea kanda ya video ya baba yake, imefungwa kwenye leso kama mayai. Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa kichwani sina mvi hata moja. Katika kazi hii yetu ya kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, aliyekutangulia kwa msimu mmoja wa mahindi tayari ni mzee wako. Basi kaa nikueleze.

Duka langu unalijua, hapa Kitale nyuma ya soko. Hujui nilivyoanza. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video za watu nisiowajua, nikirudia pale pale mpaka simu inazima. Na anayejifunza peke yake hana mtu wa kumwambia, "Hapo inatosha." Sikujua kuacha. Kazi ikiwa nzuri niliiona mbaya, na nikishamkabidhi mteja nilikaa nikitafuna kucha, nikingoja apige simu kulalamika.

Nafula ni mwalimu hapa mjini, lakini kwao ni Myanga, kule Bungoma. Baba yake, Mzee Simiyu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na familia ilikuwa ikijiandaa kwa ukumbusho: mahema, ibada, kisha watu wote waonyeshwe kanda hiyo ukutani. Ilikuwa Krismasi ya zamani, watoto wote wamerudi nyumbani, na Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika kamera. Aliipenda kamera hiyo hata hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

"Ni hii tu imebaki," Nafula aliniambia. "Zingine zililiwa na mchwa. Hii ni ya Kukhu."

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na ndivyo kila mtu alivyomwita mama yake Nafula. Ugonjwa wa macho ulikuwa umemwacha haoni kitu. Nilipokea kanda, nikaahidi kwamba itang'aa. Sikuuliza mtu asiyeona anataka picha za nini.

Kanda ilikuwa na kuvu. Niliisafisha polepole, nikaitia kwenye deki, nikainakili yote kwenye kompyuta. Faili ya kwanza kama hiyo, ambayo haijabanwa, huwa kubwa ajabu. Ilijaza diski yangu karibu yote. Hiyo, mwanangu, ni mahindi yakiwa bado kwenye gunzi. Ukiibana iwe ndogo, umeisaga. Imekuwa unga: rahisi kubeba, rahisi kupika, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Na yale majina ya mwishoni mwa faili, AVI sijui MP4, ni maandishi juu ya gunia. Ukiandika "maharagwe" juu ya gunia la mahindi, hujapata maharagwe. Haya yote niliyajua. Niliwaeleza hata wateja ambao hawakuuliza.

Nafula akaniomba nimwonjeshe kidogo. Nikakata kipande kifupi kuliko wimbo mmoja wa kanisa, nikakibana kabisa ili kipite kwenye simu, nikamtumia. Nilipokitazama baadaye niliona aibu. Nyuso za watu zilikuwa kama zimepakwa uji, na sauti ilikuwa imejaa mvumo. Kesho yake nikamwandikia: tafadhali kifute kile kipande, usimwonyeshe mtu, nakuandalia kitu safi. Akajibu kwa neno moja, "Sawa."

Basi nikaanza kusafisha. Nikatoa mvumo wa kanda. Nikatoa upepo. Halafu kulikuwa na kero moja karibu sana na kinasa sauti: mtu anapumua, anakohoa, ananong'ona maneno juu ya watoto waliokuwa wakiimba. Ilinisumbua kama mchanga kwenye ugali. Niliifuata mahali kwa mahali nikaing'oa, mpaka watoto wakabaki wanaimba peke yao kama kwaya iliyo studioni. Nikanyoosha na rangi. Nikaisaga yote kuwa MP4 ndogo, itakayofunguka kwenye projekta yoyote. Diski ilikuwa imejaa, kazi nyingine zinangoja, nikafuta ile faili kubwa. Kanda si ipo, nikajiambia.

Lakini mwishoni mwa filamu palikuwa na mkwaruzo mdogo, ambao wewe usingeuona. Mimi niliuona. Nikarudisha kanda kwenye deki ili ninakili mwisho ule tena, na deki ikaitafuna karibu yote. Nilipofungua, utepe ulikuwa umekatika na ule weusi wake umebanduka kama ganda la muhogo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nilikaa chini, nikashusha pumzi, nikasema afadhali ile safi ipo.

Siku moja kabla ya ukumbusho nikaenda Myanga kujaribu spika. Nje vijana walikuwa wanasimamisha mahema, akina mama wanachambua mchele. Nafula akanipeleka ndani, akasema kesho patakuwa na kelele, afadhali Kukhu asikie leo akiwa ametulia. Kukhu alikaa karibu na spika, mikono juu ya magoti, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja. Nikabonyeza.

Watoto waliimba. Kuku walilia. Vyombo viligongana. Nafula alicheka alipojiona na gauni lake la zamani. Mimi nilikuwa namtazama Kukhu nikingoja atabasamu, kwa sababu ndivyo nilivyo, lazima nione uso wa mteja. Hakutabasamu. Alizidi kuinama, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Filamu ikaisha.

"Na yeye yuko wapi?" akauliza.

"Nani, Kukhu?"

"Mwenye kushika kamera. Hata kukohoa hakohoi?"

Nafula alikuwa ameacha kucheka. Akanigeukia, akasema labda sauti iko chini, ongeza kidogo. Nikaongeza, ingawa nilijua. Watoto wakaimba kwa nguvu zaidi, na nyuma yao palikuwa pametulia kama kaburi.

Ikabidi niseme. Nikasema nilidhani ni kelele. Nafula akasema si shida, kompyuta si huwa inarudisha kitu? Nikamwambia nilifuta faili ya kwanza. Akauliza habari ya kanda. Nikamweleza na hilo. Hakuna aliyenipigia kelele, na nilitamani mtu anipigie.

Kukhu alinyoosha mkono akatafuta bega langu, akalishika. Hakuwa mkali. "Kijana," akasema, "umefagia nyumba vizuri sana. Lakini umefagia mpaka mwenye nyumba."

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kipande cha aibu. Nikamwuliza Nafula kama alikifuta nilivyomwomba. Alikuwa tayari ameshatoa simu, anapandisha ujumbe kwa kidole: michango ya ukumbusho, picha za mahema, risala, michango tena. Kidole chake kilienda, kikarudi. Nilisimama nikimtazama.

"Si ulijibu sawa?" nikamwuliza.

"Nilisema sawa ndiyo unyamaze, bana," akasema, bila kuinua macho. "Ningefuta baba yangu aje?"

Akakipata. Akaiweka simu kwenye mikono ya mama yake.

Mvumo ulitoka kwanza, ule niliouchukia. Halafu kikohozi, karibu kabisa, kama mtu aliye chumbani. Halafu sauti nzito ya mzee ikasema: "Mama Nafula, geuka kidogo. Jua iko nyuma yako." Pumzi, kisha kicheko kifupi. "Haya, hata usipogeuka ni sawa."

Kukhu akageuka. Polepole, kwenye kiti chake, akauelekeza uso wake dirishani kulikokuwa na mwanga, na akakaa hivyo. "Nimegeuka," akasema.

Mimi nilitoka nje nikasimama na wale vijana wa mahema.

Kesho yake tulionyesha filamu yangu safi na watu wakapiga makofi. Kisha Nafula akaomba watu watulie, tukacheza kile kipande kwenye spika kubwa. Picha ilikuwa uji mtupu, na hakuna aliyejali. Wazee walijibu kikohozi kile kwa kumwita mwenzao kwa jina lake. Lakini ni kipande tu, mwanangu. Maneno yake mengine yote ya siku ile ya Krismasi niliyang'oa mimi kwa mkono wangu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo sikia. Faili ya kwanza kutoka kwenye kanda usiiguse. Kama diski imejaa, nunua nyingine au kataa kazi; fanyia usafi nakala, mahindi uyaache ghalani. Kanda ikishakubali kucheza mara moja, usiirudishe kwenye deki kwa ajili ya mkwaruzo. Nakala mbaya usiitupe kwa sababu umepata nzuri. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Na kabla hujaondoa sauti yoyote, muulize mwenye kanda ni nani anayekohoa. Mimi siku hizi nauliza mapema, wakati kanda bado iko kwenye leso: unataka kumsikia nani? Nauliza hata nikiona haya. Bado natafuna kucha, sitakudanganya.

Nenda kafungue duka lako. Mungu akupe diski zisizojaa, na wateja wakaidi kama Nafula, wasiokutii unapokosea. Akujalie masikio kabla ya mikono. Na siku watu watakapokutafuta wewe na usiwepo, wakukute mahali fulani nyuma ya kelele, ukikohoa.