Boti ya Ghorofa ya Bi. Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na shahada ya uhandisi, suruali iliyopigwa pasi na kipima unyevu kipya ndani ya boksi lake. Mkaguzi Mkuu, ambaye ofisi yake ilikuwa meza moja kwenye karakana ya boti kaskazini mwa Dar es Salaam, aliitikia shikamoo yangu, akalichukua boksi na kuliweka juu ya kabati. Akanipa nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki.

"Kagonge ile boti, msomi. Yote."

Niligonga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bodi ya faiba iliyo kavu hujibu kwa sauti kali, kama mlango wa mninga. Iliyokunywa maji hujibu kama godoro. Niliporudi nilimwambia nimepata sehemu moja mbovu, karibu na mkuku, uti wa mgongo wa boti.

"Ziko tatu," akasema bila kuinuka. "Nimezisikia hapa hapa nilipokaa. Nenda kale, halafu urudi uzitafute."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kukagua boti zilizotumika, kwa niaba ya wanaotaka kuzinunua. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya injini kabla ya jambo lolote, kwani injini ngumu kuwaka muuzaji huiamsha mapema ili mgeni akifika iwake mara moja. Alinifundisha kusoma moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Alinifundisha kuingiza mkono kwenye ngama, kule chini kabisa yanakokusanyika maji machafu, kisha kuunusa. Chuo kikuu hawakutufundisha kunusa chochote.

Baada ya miaka michache alinipeleka Bagamoyo. Huko hatukuwa na mtambo wa kuinua boti, kwa hiyo tulingoja bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Boti huletwa maji yakiwa yamejaa, huegemezwa kwa magogo, na yakishapwa unabaki nayo mchangani kwa saa chache. Unatambaa chini yake, unatikisa propela, unapima kama shafti imelegea. Bahari ikirudi, muda wako umekwisha. Nilinuka matope kiasi kwamba mke wangu alinitengea kamba yangu ya kuanikia.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Bi. Mwanaidi, muuza samaki wa pale mjini. Yeye na ndugu zake walikuwa wameuza shamba la mikorosho la marehemu baba yao, huko Mkange, ili wanunue boti ya kupeleka wageni Saadani na kuvua njiani. Boti ikiwa mbovu, shamba limekwenda bure. Aliyoipenda ilikuwa nyeupe, yenye usukani wa pili na viti juu ya paa la chumba, mahali ambapo nahodha huona mbali. Pwani nzima waliiita boti ya ghorofa.

Niliikagua kwa bidii. Bodi kavu, injini zote mbili baridi, na ziliwaka bila kubembelezwa. Maji yalipojaa nilitoka na nahodha wa muuzaji. Yeye akaendesha kwa usukani wa chini, mimi nikakaa juu peke yangu, upepo usoni, nikijiona mhandisi kweli. Tuliporudi nilikuwa nimeshaitunga sentensi yangu: inafaa.

Siku hiyo Mkaguzi Mkuu alikuwa amekuja kutoka Dar, eti kunikagua mimi. Alinisubiri ndani ya maji, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Juu alikaa nani?"

"Mimi, mzee."

"Na bibi huyu akinunua, atakaa nani?"

Bi. Mwanaidi akadakia, "Nani atakubali kukaa chini, baba? Ghorofa ndiyo ninayonunua!"

"Basi waite hao," akasema, akiwaonyesha ndugu waliokuja kuitazama boti. "Wapande ghorofani wote."

Walipanda watu kumi na wawili, mmoja na sufuria ya pilau. Pale boti ilipoelea maji yalikuwa ya kifuani na shwari kabisa. Mkaguzi Mkuu akawaambia wasogee upande mmoja, kisha warudi katikati. Boti ililala, ikakaa hivyo kidogo kama mtu anayefikiria, halafu ikarudi polepole mno. Shangazi mmoja akaanza kusoma dua.

Boti nzuri ikilala hurudi upesi. Ikisitasita, uzito umezidi juu. Mwenye boti alikuwa ameongeza paa la mabomba ya chuma na tangi la maji huko juu, vitu ambavyo mimi nilikuwa nimeviandika chini ya "vifaa vya ziada" na kuvipa alama nzuri.

"Nitaweka kibao," akasema Bi. Mwanaidi. "Juu watu wawili tu."

"Kibao watakikalia, bibi."

Ndugu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Inafaa au haifai?"

Niliandika: haifai, mpaka vyote vya juu viondolewe, viti na usukani pamoja. Aliisoma karatasi mara mbili. "Kwa hiyo ninunue boti kama ya kila mtu," akasema, akaondoka bila kuaga.

Muuzaji alinuna siku kadhaa, kisha akakubali kuvikata vyote vya juu. Tulirudia jaribio, ndugu wale wale. Boti ikarudi upesi. Bi. Mwanaidi akainunua kama anayenunua dawa.

Magoti yamenistaafisha mapema kuliko nilivyopanga. Wakaguzi wa sasa hutumiwa picha za ngama kwenye simu, na vipimo vyao ni vizuri, siwezi kuvibeza. Ila najua hakuna kipimo kitakachowaambia shangazi wangapi watapanda. Na nayakumbuka matope, jambo ambalo mke wangu halielewi.

Juzi nilikwenda Saadani kama abiria wa Bi. Mwanaidi. Mgeni mmoja akamuuliza kwa nini juu hakuna viti.

"Palikuwa na ghorofa," akajibu. "Huyu baba hapa ndiye aliyeila."

Wote wakanitazama. Nilikuwa naanza kueleza habari za uzito, nikiwa na kikombe mkononi, wimbi likatupiga ubavuni. Boti ikalala, ikarudi upesi, na chai yote ikaishia kwenye suruali yangu. Bi. Mwanaidi alicheka mpaka akashika ukingo, kisha akanimiminia nyingine.