Upande wa Aslaug

Chama cha Historia cha wilaya yetu, katika kikao halali kilichofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa kahawa, kimetamka kwa kauli moja kwamba barua za akina dada Tveito, Birgit na Aslaug, ni "kumbukumbu ya kweli na ya kuaminika ya maisha ya kila siku ya walowezi wa kwanza wa Dakota, kama yalivyoandikwa na walioyaishi." Tamko hilo limechapwa, limetiwa fremu, na limetundikwa juu ya kabati la kioo zilimo barua zenyewe. Kuhusu maksai, theluji na bei ya ngano, sina ugomvi nalo.

Birgit alikuwa na miaka ishirini na saba, Aslaug ishirini na mmoja, walipoondoka Norwei mwaka 1881. Mama yao, Signe, mjane, aliwasindikiza hadi gatini. Hakuwa mtu wa machozi. Aliuchukua mkono wa Aslaug, akautia katika mkono wa Birgit kama mtu anayekabidhi hatamu za farasi, akasema, "Huyu nimekukabidhi wewe. Ukimpoteza, usiniandikie."

Kwa bahati mbaya Birgit alikuwa mtu wa kushika maneno kama yalivyosemwa.

Huku kwetu serikali ilitoa ekari mia na sitini kwa yeyote atakayezilima na kulala juu yake miaka mitano. Kulala ndiko kulikosisitizwa. Dada hao walichukua mashamba mawili yaliyopakana, kisha wakafanya walivyofanya wengi: wakajenga nyumba moja, ya mabonge ya udongo na nyasi, juu ya mpaka wenyewe. Mstari ulipita katikati ya chumba, chini ya meza. Kitanda cha Birgit kilikaa mashariki, cha Aslaug magharibi, na kila mmoja aliweza kuapa kwamba halali ila katika shamba lake.

"Dada, huko ng'ambo mna chumvi?" Aslaug angeuliza.

"Tunayo. Una kibali cha kuvuka?"

Stempu zilikuwa ghali, kwa hiyo waliandika nyumbani kwenye karatasi moja: mbele Birgit, nyuma Aslaug. Mbele kulikuwa na mvua, ngano na ng'ombe aliyezaa. Nyuma kulikuwa na nguruwe wa jirani aliyeingia kanisani katikati ya mahubiri na kukaa hadi amina. Mama Signe alijua kusoma kitabu cha nyimbo, si mwandiko wa mkono. Barua zilisomwa na karani wa kanisa, sebuleni kwake, Jumapili baada ya ibada, na usharika mzima ulikuja kuzisikiliza. Upande wa Birgit walikohoa. Upande wa Aslaug walinyamaza ili wasikose neno.

Septemba ya 1883, siku ya Jumatatu, Birgit alikwisha kujaza ukurasa wake, na Aslaug akaanza wa kwake: "Mama mpendwa, leo tumbo linaniuma kidogo, na Birgit amenipikia uji mbaya kuliko ugonjwa wenyewe." Hapo akaomba alale kwanza. Alhamisi alikuwa amekufa. Birgit na jirani yake, Bibi Ronnaug, walimwosha, wakamzika shambani kwake, magharibi, wakaweka mawe.

"Mwandikie mama yako leo hii," Ronnaug alisema. "Msiba haulazwi."

"Alinikataza."

"Alikukataza nani?"

"Mama."

Ronnaug alidhani ni uchungu unaosema, akaenda kukamua ng'ombe.

Karatasi ilikuwa bado mezani. Birgit alifahamu kwamba akiituma na nusu ukurasa mtupu, karani wa kanisa hatahitaji kusoma chochote ili mama ajue. Akiacha kuituma, ni hivyo hivyo. Alichukua kalamu, na mkono ukagoma. Akavuta kigoda chake hadi ng'ambo ya mstari, akaketi karibu na kitanda cha Aslaug, na hapo mkono ukaenda wenyewe: "Sasa sijambo kabisa. Uji umeshinda."

Birgit hakuwa mcheshi. Hilo lilijulikana mabara mawili. Lakini kila alipoketi magharibi, vichekesho vilikuja bila kuitwa, na hakupenda kufikiri vilitoka wapi. Katika barua ya Krismasi Aslaug alimweleza mama kwamba utepe wake wa bluu ameuficha kwenye ufa wa ukuta nyuma ya kitanda, Birgit asiuone. Birgit aliweka kalamu chini. Akatia kidole kwenye ufa. Utepe ulikuwemo.

Aliumaliza ukurasa, akapeleka barua posta.

Juni ya 1886 alifika kijana mmoja na sanduku la mbao begani, ametembea tangu stesheni.

"Hodi! Hapa ndipo kwa akina Tveito?"

"Ndipo."

"Basi wewe Birgit. Nimekujua kwa kutotabasamu. Mimi Gunleik Bakken, wa nyuma ya kanisa. Aslaug yuko wapi? Nimevuka bahari kwa ajili ya yule nguruwe wake."

"Ametoka."

"Anarudi saa ngapi?"

"Hakusema."

Gunleik aliketi juu ya sanduku lake kama mtu mwenye siku nzima, akatoa soksi za sufu. "Mama yenu kamfumia hizi. Akaniagiza: mtazame Aslaug usoni, uniandikie kama amekonda."

Ronnaug alikuwa akipita na ndoo ya maziwa. "Mgeni wa nani huyo?"

"Nimekuja kumwona Aslaug, Bibi."

"Masikini! Basi umechelewa miaka mitatu. Yule tulimzika mimi na huyu, pale penye mawe."

Gunleik alicheka kwa nguvu. Alizijua barua, akadhani ndio utani wa huku. Kisha akamtazama Birgit.

"Lakini Aprili aliandika," alisema. "Habari za jogoo. Tulicheka hadi mchungaji akaja kuuliza kuna nini."

"Jogoo ni wa kweli."

"Na mengine?"

"Yote ya kweli," Birgit alisema. "Ila yeye."

Ronnaug alisahau ndoo yake. Gunleik aliendelea kuzishika soksi. Hakuona pa kuziweka.

"Mimi lazima niandike," alisema hatimaye. "Wananingoja. Mama yenu ananingoja."

"Ukiandika ukweli, sina mama tena. Kalamu hiyo hapo."

Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa magharibi ya mstari. Gunleik aliketi, akaandika kwa muda mrefu kuliko urefu wa barua: "Nimemwona Aslaug alipo. Hajakonda, hajanenepa. Hajabadilika hata kidogo." Birgit aliisoma, akatafuta uongo ndani yake, hakuupata, akaitia kwenye bahasha.

Gunleik alilichukua shamba la magharibi, na mwaka uliofuata wakaoana. "Nyumba ile ina watu watatu," Ronnaug alikuwa akisema, "na mwenye maneno ni mmoja tu, tena yule aliyekufa." Kwa sababu ya barua za Aslaug, familia saba zaidi za usharika ule zilihamia huku. Kila moja ilifika, ikamuulizia, ikaoneshwa mawe, na ikaandika nyumbani kwamba Aslaug hajambo, ana kazi nyingi. Hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kumwambia Signe. Karani wa kanisa, ambaye lazima aliona mwandiko umebadilika, aliendelea kusoma kwa sauti ileile.

Machi ya 1889 Birgit aligeuza karatasi ili aandike ukurasa wa nyuma, akakuta umeshajaa. "Birgit akitaka kulia," ulisema, "huenda zizini, akidhani hatumsikii. Sisi huongea kwa sauti kubwa ili asijue kuwa tunajua." Aliusoma mara mbili.

"Umeandika wewe?" alimuuliza mumewe.

"Kaandika mwenye upande," Gunleik alijibu, akaenda kuwalisha maksai.

Tangu siku hiyo Birgit hakuandika tena ukurasa wa nyuma. Aliungojea, kama mama yake.

Signe alifariki Mei ya 1894. Karani wa kanisa alituma barua zote zirudi, zimefungwa kwa uzi, pamoja na maneno ya mwisho ya marehemu. Alikuwa ameagiza kwamba habari za kifo chake aambiwe kwanza Aslaug, tena taratibu, maana huyo moyo wake mwepesi. Birgit ni mgumu, atavumilia.

Birgit alisimama, akavuka hadi magharibi, akaketi ukingoni mwa kitanda, na akamwambia, taratibu.

Katika kabati la kioo mna barua ishirini na tatu zenye sahihi ya Aslaug. Alizoandika mwenyewe ni nne, na mwanzo wa ya tano.