Mahali pa Kusimama

Barua ya magereza ilikuwa na mistari sita tu. Arvella Combs aliisoma akiwa amesimama kando ya sanduku lake la posta, akairudia jikoni, kisha akaificha chini ya kopo la unga, kana kwamba mama yake, ambaye huu ulikuwa mwaka wa tatu hajatoka kitandani, angeweza kuinuka akaisoma. Cordell angeachiliwa Alhamisi.

Cordell alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake Leanna, mpaka siku alipomvunja Leanna taya. Kwa kuwa Leanna alikuwa hawezi kusema, Arvella ndiye aliyesimama mahakamani akaeleza aliyoyaona. Mwanamume yule alipopitishwa mbele yake na pingu mikononi, aliinama kidogo, akamwambia kwa sauti laini, "Tutaonana, mama." Angemtukana, labda Arvella angesahau. Ulaini ule ndio uliomganda masikioni miaka yote minne. Na sasa Leanna alikuwa amehamia jimbo jingine, na anwani yake ilijulikana na mtu mmoja tu: yeye Arvella.

Waliishi wawili, yeye na Bi Icie mama yake, katika nyumba ya trela yenye kuta nyembamba za bati, kwenye mwisho wa bonde, huko milimani mashariki mwa Kentucky. Askari wa sherifu, polisi wa wilaya, barabara ikiwa kavu, walihitaji dakika arobaini kufika.

Jumanne akaenda dukani kwa Denzil, mzee aliyekuwa akiuza bunduki na chambo cha samaki chini ya paa moja.

"Nataka bastola," Arvella alisema. "Ndogo. Ya kuweka mfukoni."

Denzil hakuuliza ya nini. Bondeni barua husomwa na wengi kabla ya mwenyewe. Akamwekea moja juu ya meza, tupu. "Vuta hii sehemu ya juu, irudi nyuma mpaka mwisho."

Arvella akavuta. Baridi yabisi ilikuwa imemla viungo vya vidole. Chuma hakikusogea hata ukucha. Akapewa nyingine, ya mzunguko, yenye matundu sita. Hiyo haikuhitaji kuvutwa nyuma, lakini kifyatulio chake kilikuwa kizito, na kila alipokibana mtutu uliyumba kama fimbo ya mlevi.

"Na ile?" akaonyesha bunduki ndefu ukutani.

"Ile itakuangusha chali, Bi Arvella. Halafu nitakuja kukuombolezea mimi." Denzil hakucheka. "Niambie kwanza. Bi Icie analala wapi?"

"Chumba cha mwisho. Ukuta mmoja na jikoni."

"Basi sikiliza. Hakuna risasi inayojali ukuta wa trela. Ukisimama jikoni ukafyatua kuelekea huko, umempiga mama yako. Chagua pa kusimama kabla hujachagua bunduki."

Tangu barua ifike Arvella alikuwa akijiona jikoni, mgongo kwenye jiko.

Walichora nyumba kwenye karatasi ya kufungia chambo. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama: ndani ya chumba cha Bi Icie, kitanda kikiwa nyuma yake, akitazama ujia ulionyooka hadi mlango wa mbele, na nje ya mlango kilima kitupu. Denzil akamtolea bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo, fupi na nyepesi, ya watu wenye maumbo madogo. Ili kuiandaa ilibidi kuvuta kishikio cha chini nyuma, kisha kukisukuma mbele. Arvella aliweza mara tatu kati ya tano.

"Tatu hazitoshi," Denzil alisema. "Nenda kafanye mpaka zifike tano. Na ukimwona, piga simu kwa sherifu kwanza."

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa akichambua maharagwe aliposikia matairi yakisaga kokoto. Alipiga simu kwanza. Kisha akachukua bunduki, akaingia chumbani kwa Bi Icie, akasimama pale walipopachora na Denzil.

"Mama Arvella?" Sauti ilikuwa ileile. "Sina ugomvi na wewe. Nataka anwani tu."

Kitasa kikazunguka, kikarudi. Arvella akaanza kudhani ameondoka. Halafu mlango ukapasuka kwenye bawaba na Cordell akawa ndani, mwishoni mwa ujia, mnene kuliko alivyomkumbuka.

"Simama hapo hapo, Cordell."

Aliiona bunduki, akatabasamu. "Kwa mikono hiyo? Nani alikuwa anakufungulia makopo, mama? Si mimi?" Akapiga hatua.

Nyuma ya Arvella, Bi Icie aliamka. "Arvella! Nani huyo? Mwambie afunge mlango, baridi inaingia!"

"Lala, mama."

"Kwao hawana milango?"

Hatua nyingine. Arvella akavuta kishikio. Kilikwama katikati. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye bega, naye Cordell alikuwa amekwisha kuona, alikuwa akija. Akavuta tena kwa uzito wa mwili wake wote, kikarudi, akakisukuma mbele, na mlio wake ukajaa trela nzima.

Cordell alisimama hatua nne kutoka kwake. Alitazama tundu la mtutu, akamtazama Arvella usoni, na alichokiona huko kikamfuta tabasamu. Alirudi kinyumenyume, mikono wazi, mpaka mlangoni, akageuka akatoka. Gari likanguruma likashuka bonde, ambako askari walikutana nalo darajani wakamkamata.

Askari kijana aliyepanda hadi nyumbani alimkuta Arvella bado amesimama, mtutu ukielekea kilimani. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Ilimlazimu askari avibandue kimoja kimoja, akianza na kile kilichokuwa kwenye kifyatulio.

"Amekwisha kamatwa, mama. Atarudishwa ndani."

"Mpaka lini?"

Askari alijishughulisha na kutoa risasi.

Leanna alipiga simu jioni, akilia. Arvella alimsimulia yote, isipokuwa kwamba mtu yule alipokuwa amekwisha kugeuka, akiwa amempa mgongo pale mlangoni, kidole chake mwenyewe Arvella kilikuwa kimeanza kubana kifyatulio.

"Uliogopa, mama?"

"Bado naogopa," Arvella alisema, na hakusema anamwogopa nani. Bi Icie alikuwa akiita, anataka maharagwe yake.